Nguo Kavu

Kazi yangu pale Kisenyi ilikuwa kuziba pancha, na sikuwahi kuota kwamba nitaletewa pancha ya nguo. Aliileta sajenti, akiwa na koplo mmoja mpole wa kutoka kaskazini ambaye ndiye angeivaa. Ilikuwa nguo ya mpira ya kuzamia majini, ina soksi zake na zipu mgongoni, na walikuwa wameihifadhi imekunjwa stoo, chini ya mabati ya moto, mpaka mikunjo ikapasuka. Koplo angezama nayo ziwani mbele ya mkubwa wao, sare ikiwa ndani, na sare itoke haijalowa. Ikilowa, sajenti alisema, mimi na koplo tutapakiwa kwenye buti la gari. Miaka ile waliopakiwa kwenye buti hawakurudi.

Nikavuta beseni langu la maji. Kila mziba pancha anajua: unajaza upepo, unazamisha, unatazama mapovu yanatokea wapi. Sajenti akanishika mkono.

"Hii naitwa nguo kavu," akasema. "Maji hapana gusa."

Nikamkumbusha kwamba hata ziwani kuna maji. Akanijibu kuwa ya ziwani yana ruhusa ya mkubwa, ya beseni hayana. Sasa hapo ubishane na nani?

Tukaifunga shingo na mikono kwa vipande vya tyubu, tukaipiga pampu. Ikanenepa, ikasimama katikati ya gereji kama bwana harusi aliyeshiba pilau. Makanika wa jirani alipochungulia, akaipigia saluti kwa woga. Mimi na koplo tukaizunguka tukiipapasa kwa mashavu, na kila tuliposikia kaupepo nikabandika kiraka. Koplo akaninong'oneza, akiuliza kama tundu zimekwisha. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui kuogelea. Nilimpenda pale pale, na hofu yangu ikawa mara mbili.

Siku ilipofika nikachukuliwa na mimi. Ziwani walimfunga koplo kamba kiunoni, wakamzamisha, wakamvuta akiwa hai. Lakini miguu ya nguo ilikuwa imevimba, maji yanacheza ndani mpaka mapajani. Bahati nzuri mkubwa alianza na hotuba. Akasifu jeshi, akasifu ziwa, akausifu mpira wenyewe, huku jua la mchana likiikausha nguo kwa nje. Alipomaliza akataka saluti. Koplo akanyanyua mguu, akaupiga chini kijeshi, kiraka cha goti kikabanduka, na maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya mkubwa.

Akauliza ni nini hiki. Nikafungua mdomo niseme kiraka ni changu, koplo akanitikisia kichwa.

"Nguo iko kavu, afande," akasema. "Mimi ndiyo nalowa."

Mkubwa akalipapasa bega la mpira, akatazama vidole vyake. Vikavu. Akanipongeza kwa ufundi, kisha akaamuru koplo afungwe kwa kosa la kulowa bila amri. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Wakamchukua vile vile, ndani ya nguo, chwa, chwa, chwa, mpaka garini. Sajenti akalishika buti, akalipita, akafungua mlango wa nyuma. Nilipoona koplo anakalishwa kwenye kiti kama watu wengine, nikakaa chini kwenye tope nikalia.