Mwavuli wa Mzee Breki

Jirani yangu hukuza miche ya michungwa kwenye viriba vyeusi nyuma ya jiko lake, na mtaa mzima humwita Mama Miche. Ni mcheshi kupita kiasi, lakini kazini hana mzaha, na kwa hilo namheshimu.

Juzi asubuhi alikuta majani ya miche mikubwa yameliwa pembeni, kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Akajua ni fukusi. Na siku hiyohiyo dereva mstaafu tumwitaye Mzee Breki, kwa kuwa husimama kila mlango kuuliza habari, angekuja kuchukua miche hiyo aliyoingoja mwaka mzima.

"Wifi, tuyakate majani yaliyoliwa," alishauri wifi yake, dada wa mumewe. "Macho ya yule mzee ni ya kubahatisha. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Akapasua kiriba, akakung'uta udongo. Mabuu weupe, watoto wa fukusi, walikuwa wakitafuna mizizi. Akapasua kingine, hali ileile. Kumuuzia mtu mche kama huo ni kumpandia adui shambani kwake. Wapo ambao wangeuuza, wakalala usingizi mnono.

Mzee Breki alifika, mwavuli kwapani. Akaonyeshwa kila kitu, mizizi kwa mabuu. Akanuna.

"Mashimo nimeshachimba! Sasa nipande nini, miguu yangu?"

"Miguu bado tunaihitaji, baba. Niazime kwanza huo mwavuli, fukusi wasije wakaimaliza na hii miche michanga."

Mama Miche akaufungua, akaupindua, akaukinga kama bakuli chini ya miche michanga, akaitikisa. Fukusi wakadondoka, miguu juu, kimya.

"Wamekufa kwa woga!" wifi akashangilia, akawamwaga chini. Kidogo tu, maiti wakaamka, wakashika njia kurudi kwenye miche.

Mzee Breki alicheka hadi akaegemea ukuta. "Wewe binti ungekuwa daktari, tungezikwa wazima!"

Wifi, uso chini, akawaokota mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Miche mikubwa yote Mama Miche akaichoma moto, mnunuzi wake akitazama.

Mzee Breki akaaga mikono mitupu. Mwavuli akauacha.

"Endeleeni kuwatega. Nitaufuata siku ya kuchukua miche yangu."

"Na mvua ikinyesha?" wifi akauliza.

"Mama Miche akiniona nimelowa, ataona haya, aiharakishe miche."