Kibao cha Kinyozi Chaenda Nairobi

Musili Wathome alikuwa amepaka rangi nusu ya maduka ya Machakos, na hakuna aliyemwita msanii. Walimwita fundi, na alipomaliza kazi walimwambia apitie wiki ijayo. Wahenga wanasema chema chajiuza. Wenye maduka wangewasikiliza, wasingehitaji vibao, na Musili angekufa njaa.

Basi mwaka mmoja baada ya mvua za El Niño, mwanamke aitwaye Wangechi, mteuzi wa kazi za sanaa katika jumba kubwa la makumbusho jijini Nairobi, alisimamisha gari mbele ya kibanda cha kinyozi aitwaye Josphat. Alikitazama kibao kilichokuwa juu ya mlango, akauliza kimechorwa na nani. Alipoonyeshwa Musili, alimwambia wanaandaa maonyesho ya wasanii chipukizi, na kibao kile anakitaka. Musili alicheka: chipukizi, na mvi zote hizi?

Lakini swali moja likamkaa rohoni. Wangechi ameona nini pale? Alivuka barabara akakitazama kibao kwa mbali. Akakitazama asubuhi, akakitazama jioni. Alichoona ni aibu yake ya zamani tu. Alikichora akiwa kijana. Alianza na kichwa cha mwanamume, halafu akaandika KINYOZI kwa herufi kubwa bila kupima. Alipofika kwenye Z nafasi ilikuwa imekwisha, akaipandisha kwenye paji la uso, na I ya mwisho ikaning'inia sikioni kama hereni.

Aende na kituko hicho mbele ya watu wa Nairobi? Thubutu. Josphat alimpa kibao shingo upande, akihofia wateja watadhani amefunga. Musili akakipiga msasa, akachora kichwa upya, akapima kwa rula, akaandika neno lote likakaa sawasawa. Hata Josphat alikiri kwamba limependeza.

Wangechi alipokipokea alikigeuza nyuma na mbele, kisha akakitundika kama alivyoahidi, na jina kamili la Musili chini yake. Siku ya ufunguzi Musili alivaa koti lake la harusi, akasimama pembeni kuona watu watafanyaje. Sanamu ya vyuma vikuukuu ya kijana mmoja kutoka Kisumu waliizunguka na kuizunguka tena. Kwenye kibao walipunguza mwendo, wakasoma, wakapita. Ilimuuma sana. Mwishowe alimfuata Wangechi.

"Madam, niambie tu ukweli. Siku ile uliona nini?"

"Niliona I kwa sikio," Wangechi akamjibu kwa upole. "Nilicheka nikiwa kwa gari, halafu nikashindwa kujua ni nani huyu anaanza kuandika na hajui atamalizia wapi."

Musili alitaka kumwambia atairudisha pale pale, hata leo. Akajaribu kuiwazia I sikioni, akatambua kwamba angeipima kwanza. Akaaga.

Aliporudi Machakos alimkuta Bartholomew, mwenye bucha, akimngoja na ubao mpya, akitaka jina lake lote liandikwe. Musili alichora ng'ombe kwanza, mnene, akajaza zaidi ya nusu ya ubao. Bartholomew akauliza kama nafasi itatosha.

"Hata mimi sijui," Musili akasema. Akachovya brashi, akaanza na B kubwa, na moyo wake ukaanza kwenda mbio.