Nepi za Wifi Idelisa

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha kahawa, wifi yangu Idelisa alifungua lile kabati la droo tatu, akatoa nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, akazikunja upya. Hakuna aliyezigusa tangu jana yake, lakini alizikunja. Droo ya juu kofia na soksi, ya kati vesti, ya chini nepi. Katikati alipenyeza vipande vya sabuni ili zinukie. Akimaliza alisukuma droo ya chini kwa goti, taratibu, mkono mmoja tumboni.

Nguo hizo alizishona mama yake huko milimani, na mwanzoni zilijaa hata droo hazifungiki. Kisha dada yetu Amparo, aliyeolewa mji wa Holguín, akakaribia kujifungua na hana kitu. Mama yetu akamwambia Idelisa, "Mwanangu, mwenzako anatangulia. Tumpe, atarudisha." Idelisa akatoa. Amparo akazaa mapacha, na nguo za mapacha hazirudi.

Kwetu Bayamo, mimba ikifika mwezi wa nane majirani huja kuona droo. Hawaombi ruhusa. Wanafungua wenyewe, wanashikashika, halafu wanakwenda kusimulia. Idelisa akaanza kukosa usingizi.

"Mama, tuwaambie kweli tu, nguo ziko kwa Amparo."

"Wasikie Amparo wangu ameolewa na mtu asiye na hata nepi? Thubutu! Kata magunia ya unga, yale ya pamba, yakunje, weka chini. Hizo nzuri panga juu. Nani atatia mkono mpaka chini?"

Kaka yangu Orestes, mumewe, alikuwa anakula. "Msikilize mama," akasema.

Basi Idelisa akayafua magunia, akayaanika, akayakata sawasawa. Aliyakunja vizuri mpaka mimi niliyemwona akikata sikuweza kuyatofautisha na nepi. Juu akaweka nepi nne za kweli, na kofia iliyotiwa ushanga mweusi wa kukinga husuda.

Jumapili wakaja, Zenaida wa nyumba ya pili akiwa mbele. Chumba kikajaa, wengine wakaketi sakafuni. Juu ya kabati ilikaa chupa kubwa ya aliñao, matunda tuliyoloweka kwenye ramu mimba ilipoonekana, inywewe siku mtoto atakapozaliwa. Kofia zikasifiwa. Vesti zikasifiwa.

"Jamani, nepi zote hizi!" Zenaida akapiga magoti. "Hebu nione ulaini wake." Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ukachomoa kitambaa cha chini kabisa. Akakikunjua juu ya kitanda. Maandishi ya kinu cha unga yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka.

"Shoga, mnangoja mtoto au mnangoja mkate?"

"Huyo atazaliwa na hamira yake!" akadakia mwingine.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zenaida akawa anachomoa tu, moja baada ya jingine. Masikio ya Idelisa yaliiva. Hakulia. Alimtazama Mama, na mimi nikamtazama Mama, maana neno lake moja lingetosha.

Mama akacheka kuliko wote. "Mimi nijue nini, mwenzangu? Droo anazipanga mwenyewe kila siku. Labda huko kwao milimani ndivyo wanavyovaa."

Idelisa akageukia mlangoni, alikosimama Orestes. Orestes akaangalia kucha zake. "Ungeniambia, mke wangu," akasema, "ningenunua."

Kicheko kikakatika. Idelisa akapiga magoti na tumbo lake lile, akayakusanya magunia kitandani, akayakunja moja moja kama afanyavyo kila asubuhi, wote tukimwangalia. Akayarudisha mahali pake. Nepi nne na ile kofia akazitia kwenye aproni. Akasukuma droo kwa goti.

"Wifi, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Napunga upepo kidogo."

Akapita katikati ya wale wanawake, nao wakavuta magoti kumpisha.

"Atarudi, njaa itamrudisha," Mama akawaambia. Nikamwekea sahani ya wali na maharage, nikaifunika. Asubuhi, hajarudi, nikawamwagia kuku.

Mtoto alizaliwa milimani, wa kike, tulisikia kwa wapita njia. Chupa ya aliñao iko pale pale juu ya kabati. Nikiipangusa vumbi siinui macho, na nikikutana na Zenaida sokoni nahama upande wa njia.