Kiapo Changu Kiwanjani Manda

Sifa zote njema ni za Allah, aliyetusitiri tulipokosea, akatupa na umri wa kutubu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika kiwanja cha ndege cha Manda, ng'ambo ya mji wetu wa Amu. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa na mgeni mmoja, mwongozaji wa filamu aliyekuja kupiga picha huku kwetu. Sisi tukimwita Bwana Rubani, kwa kuwa ndege yake ndogo aliirusha mwenyewe, na nadhani akiipenda kuliko hiyo filamu. Mwezi huu nimeletewa habari kuwa amefariki.

Mafuta ya ndege yakija kwa mashua, ndani ya mapipa, na maji ya chumvi hayakosi kupenya. Kazi yangu ilikuwa kuyachuja kwa ngozi laini kabla ya kuyatia, maana maji yakifika kwenye injini huizima angani. Asubuhi ile waigizaji walikuwa wamekwisha kuvaa, wakingoja ufukweni Shela wapigwe picha kutoka juu. Nikaona kuchuja kutatuchelewesha. Nikayatia vivyo hivyo.

Bwana Rubani akaja na bilauri yake ya kuangalia kama mafuta yana maji. "Umechuja?"

"Wallahi nimechuja, Bwana! Kwani huniamini?"

Akanitazama, akairudisha bilauri mfukoni. "Nimefundishwa hapa Amu, mtu akilitaja jina hilo haulizwi tena." Akapanda na mpiga picha wake.

Injini ikanguruma. Nilikuwa nikiapa hivyo tangu utotoni, kwenye mpira, kwenye mzaha. Sikuwahi kumwona mtu akiiweka roho yake juu ya neno langu. Nikakimbilia mbele ya ndege, nikipunga mikono. "Zima, Bwana! Sikuchuja!"

Akashuka, akakinga mafuta katika bilauri. Maji yakatuama chini, dhahiri.

Wenzangu wa pale kiwanjani wakaanza kunidhihaki: "Haya shekhe, apa tena tusikie!"

Yeye hakucheka. "Ungeniambia hukuchuja, ningengoja. Na mimi nimekosa, rubani huangalia kwa macho yake. Lete ngozi."

Hadi tulipomaliza jua lilikuwa limepanda, mwanga mzuri wa asubuhi umepita, picha ya siku ile ikapotea. Hakunifukuza.

Basi mwanangu, usilitaje jina la Mola ili kufunika uvivu wako. Hujui nani atakuamini. Na ulimi ukishateleza, sema kweli hapo hapo, hata mbele ya watakaokucheka. Aibu ile huisha, mimi leo naicheka mwenyewe.

Allah akujaalie, wewe usomaye, ulimi mkweli, na akufikishe salama kila uendako. Amin.