Mguu wa Mume Wangu

Gari la mume wangu lilianza kutetemeka mwaka ule ule nilioolewa. Lilikuwa pikapu yenye bodi ya mbao. Alipakia sukari, chumvi na mafuta ya taa hapa Mbeya, akavuka mlima kuwapelekea wachimba dhahabu wa Chunya, akarudi na abiria. Kupanda halikuwa na neno. Kushuka sasa, akigusa breki, usukani ulimcheza mikononi, bodi ikagongagonga, na wanawake waliokaa nyuma wakaanza kutaja watoto wao mmoja mmoja.

Fundi wetu alikuwa Mnyakyusa aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita, mtu wa maneno machache. Alikaza nati, akabadili beringi, akalala chini ya springi nusu siku. Gari likatetemeka vile vile. Ndipo akafungua magurudumu na kutoa ngoma za breki, yale mabakuli mazito ya chuma ambayo breki hukaa ndani yake. Tatu zilikuwa nzima. Ya mbele kushoto ilikuwa imepinda, haikuwa duara tena. Ikakerezwa mpaka ikarudi duara, gari likatulia safari mbili, kisha likarudia. Baba yangu akatutumia ngoma mpya kutoka Iringa. Mwezi haukuisha, nayo ikapinda. Upande ule ule.

"Ngoma haipindi bure," fundi akamwambia mume wangu mbele yangu. "Inaungua. Wewe unakanyaga breki tangu juu mpaka chini."

"Nashuka na gia, fundi."

"Basi mguu wako haukuambii ukweli."

Neno lile lilifika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Dereva anauogopa mlima. Abiria wakaanza kungoja gari la mtu mwingine, na wanaume wa baraza la msikiti wakamwuliza hali ya mguu kabla ya hali ya nyumbani. Nilikasirika mpaka nikaacha kununua nyama kwa mmoja wao, na nyama yake ilikuwa nzuri.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini. Alikaa akiutazama mguu wake wa kulia, akasema, "Labda nakanyaga bila kujua." Asubuhi nilimwamini yeye, jioni nikamwamini fundi, na kitandani sikumwamini mtu. Na kwa nini gurudumu moja tu? Mtu akiuogopa mlima, anauogopa upande wa kushoto peke yake? Nilimwuliza fundi. Akajikuna kichwa, akasema hilo ndilo linalomshinda na yeye.

Mwishowe akasema atakwenda naye Chunya autazame huo mguu. Asubuhi ya safari, akifunga turubai, mume wangu aliniambia kwamba ukionekana unakanyaga, atauza gari akapime vitambaa dukani kwa mjomba wake. Duka lile alilichukia tangu utoto. Nilimshikia ncha ya kamba mpaka akamaliza kufunga.

Walirudi kesho yake alasiri. Nililisikia gari likimaliza mteremko, nikatoka na ndoo ya maji kama siku zote.

Hapa lazima nieleze. Mama yangu kule Iringa hakumruhusu baba aingie ndani na vumbi la safari. Alimwosha miguu kizingitini. Nami nilikuwa bibi harusi mwenye bidii. Nilimwosha mume wangu, na kwa kuwa gari ndilo lililomrudisha, nikaona nalo lina haki yake. Kila mara lilisimama ubavu wa kushoto ukielekea baraza letu. Basi kila safari nilianza na gurudumu la mbele lililokuwa karibu, nikayapitisha maji kwenye matundu ya rimu ili vumbi la Chunya litoke lote. Maji ya mfereji wa mlimani, baridi ya kuuma vidole. Ndoo iliishia hapo hapo, na sikuwa mtu wa kurudi mferejini mara mbili.

Fundi alishuka akinyoosha mgongo. "Mguu mzima," akasema. "Gia namba mbili mpaka chini, breki kwenye kona tu. Na bado linatetemeka. Sijui ni nini."

Nikafurahi mno, nikayamwaga maji kwenye gurudumu lile kama kawaida. Chuma kikalia chwaa, mvuke ukapanda. Sauti ile niliipenda. Niliona ni gari linapumzika.

Fundi akageuka. "Shemeji, hivyo unafanya kila safari?"

"Kila safari," nikamjibu kwa fahari.

Akalinyoshea kidole gurudumu lile la kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wadogo zangu kwa kutia maji baridi kwenye chungu cha moto, maana chombo cha moto kikipozwa ghafla huharibika. Nikaitua ndoo, nikajifunika uso kwa kanga.

"Naenda baraza la msikiti sasa hivi," fundi akasema. "Wajue mguu hauna kosa."

Mume wangu alinitazama kwanza. "Usiende," akamwambia. "Wacha ubaki mguu."

Ngoma iliyofuata haikupinda. Abiria walirudi, polepole. Lakini utani haukwisha. Alitaniwa mpaka uzeeni, hata kwenye harusi za watoto wetu, naye akacheka na kuunyoosha ule mguu wauone. Mimi nilipita katikati yao na sinia la pilau, jibu ninalo mdomoni. Sijui kwa nini sikulitoa. Aliponitazama, niliinamisha macho, nikaenda kuleta maji ya kunawa.