Mkoba wa Koti la Minko

Tsonka alishona kola za mashati miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nguo pale mjini Gabrovo, na katika miaka yote hiyo hakuna shati hata moja lililorudishwa kwa sababu yake. Alijivunia hilo kupita kiasi, tuseme ukweli. Mgeni akiingia kwake, hajakaa vizuri, kola yake imeshageuzwa na kukaguliwa. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na cherehani ya Kirusi juu ya meza ya jikoni, na alikuwa na Minko, dereva wa basi, mume mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia.

Minko alipolazwa hospitalini alijua haponi. Mdogo wake, Gencho, alikuwa amelitamani koti lake la ngozi tangu enzi na enzi.

"Koti mpe Gencho," Minko alimwambia mkewe. "Tangu nilipolinunua ananiuliza nitakufa lini."

"Hebu nyamaza, mpumbavu wewe," Tsonka akamjibu, huku analia.

Siku tatu baadaye Minko akafa.

Sasa, kwao nguo za marehemu hugawiwa siku ya arobaini, na mtaa mzima ulijua koti ni la nani. Mashati, suruali, viatu, vyote Tsonka alivipanga bila shida. Koti likamshinda. Wala si uchoyo, jamani. Gencho na Minko, ukiwatazama kwa nyuma, ungesema mapacha: mabega yale yale, mwendo ule ule wa kuburuza mguu. Na Gencho hupita chini ya dirisha lake kila asubuhi akienda kununua mkate. Je, akipita na lile koti?

"Nitatoka mbio nimwite Minko," Tsonka alijisemea. "Halafu atageuka."

Hilo asingeliweza, hata kidogo. Basi, wiki moja kabla ya arobaini akafunga mlango, akachukua mkasi, akalikata koti. Angejishonea mkoba abaki nao, na Gencho angeambiwa panya wamelitafuna stoo.

Weee, ngozi si poplini ya mashati! Sindano ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja, jasho linamtiririka. Chini yake aliishi Zdravka, mwanamke aliyeshona viatu maisha yake yote, ngazi kumi na nane tu. Lakini angemuuliza vipi? Zdravka angeitambua ngozi ile kwa harufu, na kabla supu haijachemka habari ingekuwa imefika sokoni. Zdravka mwenyewe ndiye aliyekuja kugonga.

"Tsonka wee! Unamshonea nani tangu asubuhi? Umepata mchumba?"

"Mapazia!"

"Mapazia gani yananguruma kama trekta?"

"Mazito! Nenda zako, Zdravka, nina kazi."

Zdravka akaenda zake. Hasara iliyoje!

Kwa kuwa hakuuliza, Tsonka alishona anavyojua. Kwenye shati, mshono imara ni ule mdogo uliobanana, na penye uzito unarudia mara mbili, mara tatu. Ndivyo alivyoushonea mkoba mkanda wake wa begani: mishono midogo midogo, akarudia, akarudia tena. Zdravka angemshika mkono palepale. Sindano hupenya kati ya nyuzi za kitambaa, lakini ngozi huitoboa, na tundu la ngozi halizibi. Ukiyabananisha matundu, umeichana mwenyewe. Tsonka aliuvuta mkanda, akaona umeshika, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku ya arobaini akaubeba makaburini, ndani yake bakuli la ngano ya kuchemsha na chupa ya divai, kama ilivyo desturi yao. Angeuacha nyumbani hakuna ambaye angejua. Lakini alitaka Minko auone. Padri alipomaliza kuomba, Tsonka akauinua mkoba ili atoe chupa, na mkanda ukaachia palepale kwenye mishono ya ncha zote mbili, kama stempu inavyochanwa. Chupa ikapasukia kwenye jiwe. Ngano ikamwagika matopeni.

Gencho ndiye aliyewahi kuuokota mkoba. Akaufuta kwa mkono wa sweta lake. Kidole chake kikakomea juu ya doa dogo la moto wa sigara.

"Shemeji, doa hili nililitia mimi. Siku ya ubatizo wa binti yangu. Minko alinikimbiza kuzunguka meza nzima."

Habari za panya zikamtoka Tsonka kichwani.

"Sikuweza, Gencho. Ungepita nalo dirishani, ningedhani ni yeye. Nisamehe."

"Nani alikuambia ningetoka nalo nje?" Gencho akasema. "Nilitaka nilivae nyumbani, nisimame mbele ya kioo. Basi. Nimwone kidogo."

Zdravka, aliyekuja na majirani wengine, akainama kuokota vipande vya chupa.

"Mikono ya koti ipo?" Gencho akauliza. "Hata mmoja tu."

"Niliikata," Tsonka akasema, machozi yanamdondoka. "Ndiyo mkanda."

Gencho akauokota mkanda matopeni, akaulaza juu ya mkono wake, kuanzia begani hadi kiganjani. Urefu ulitosha. Upana wake ulikuwa vidole vitatu.