Sura Iliyolika

Wanawake wa kijiji kimoja karibu na Litembo walipokaribia kujifungua, walituma mtu kwa Tadea kuazima medali ya Mama Maria. Kilikuwa kipande cha shaba nyeusi, kimelika mpaka sura ikabaki kivuli tu cha kichwa chenye miale. Mama yake Tadea alipewa na sista Mzungu ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Tadea, mjane mwenye shamba la kahawa, aliivaa shingoni kwa uzi. Binti yake Glorious alipozidiwa na homa, aliishikilia mdomoni, akaibusu mpaka pumzi ikakatika.

Mwaka jana tundu la uzi likapasuka. Tadea akaipeleka Mbinga mjini kwa Pankras, fundi wa saa na mikufu. Pankras akaigeuzageuza.

"Mama, hii si medali. Naona kama hela ya zamani. Hebu mwone padri."

Padri Mansuetus alikuwa amesoma Roma.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele amina, mama. Karibu."

Akafunga pazia, akamulika sarafu kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Ikaonekana shingo nene, kisha ndevu fupi. Akaweka karatasi juu yake, akasugua polepole kwa penseli. Pembeni zikajitokeza herufi: O, C, L, E. Akaweka penseli chini.

"Niambie tu, baba."

"Ni hela ya Warumi. Huyu ni mfalme wao, amevaa taji la miale ya jua. Herufi hizi, nionavyo, ni za katikati ya jina la Dioklesiano."

Jina hilo Tadea alilijua. Alilisikia kanisani katika habari za mashahidi: mfalme aliyewachinja Wakristo.

"Labda siye."

"Imelika sana, jina naweza kukosea. Lakini Mama Maria siye."

"Kwa hiyo mwanangu alikufa akimbusu huyu?"

"Alikuwa akimwita nani?"

"Maria."

"Basi aliyeitwa ni Maria, mama."

Maneno yalikuwa mazuri, ila hayakumwingia. Akapanda bodaboda, akarudi kijijini.

Wiki ileile akaja Leopold, jirani yake, kuazima medali kwa ajili ya mkewe Gaudiosa. Tadea angeweza kumpa na kunyamaza. Akamweleza yote.

Leopold akamkazia macho. "Yule mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa. Mke wangu alikuwa ameishika hiyohiyo."

Akaondoka bila kuaga, medali akaiacha.

Gaudiosa akajifungua salama. Tadea alisikia vigelegele akiwa kwenye kahawa, akaosha mikono, akangoja kuitwa kumwona mtoto kama ilivyokuwa desturi. Hakuna aliyekuja.

Jumuiya ya kanisa ilipokutana alisimama, akaeleza yote mwenyewe. Bibi Serafina akalia. Mzee Raimundi akasema, "Sisi tulimwomba Maria, hatukuiomba shaba," na baadhi wakaitikia. Leopold alitazama chini mpaka sala ya mwisho.

Kutoka hapo Tadea alipitia kaburini kwa Glorious. Akang'oa magugu, akapanga upya mawe yaliyoteleza kwa mvua. Alikuwa amekuja kumweleza mwanawe. Alikaa mpaka ukungu ukashuka mlimani, na bado hakujua aanzie wapi.